Jibu kwa dada wa Langoni: bakteria wa ngozi aliyeota kwenye damu, ni uchafu wa chupa au ni ugonjwa?

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yenu, ambaye ana kisukari cha miaka mingi na sasa anasafishwa damu kwa mashine kupitia mrija uliotiwa shingoni, alipandwa na homa na kutetemeka akiwa bado mashineni; kwamba damu yake ilichukuliwa ikaoteshwa, na karatasi ya majibu ikaja imeandikwa Staphylococcus epidermidis, sugu kwa methisilini. Daktari wa kwanza alisema huyo ni bakteria wa ngozi aliyeingia chupani kwa bahati mbaya. Wa pili akasema ni maradhi kweli na huenda mrija ukatolewa. Mwenye duka la dawa naye akawaambia kwamba kloksasilini mliyopewa mwanzo ilikuwa ndogo, mkiizidisha atapona. Mwisho umeuliza kama ninyi mnaoishi naye hapo Langoni, Lamu, mnafaa kupimwa na kunywa dawa pamoja naye.

Mimi nimefanya kazi ya maabara hapa Malindi kwa miaka mingi, katika upande wa kuotesha vimelea, na khalati yangu kutoka Lamu aliwahi kukaa kwangu akisafishwa damu kwa mrija kama huo wa mama, kwa hiyo jambo hili nimeliona kwenye sahani ya maabara na nimeliona kitandani. Sitajifanya daktari wake. Nitakueleza karatasi hiyo inasomwaje na watu wa kazi hii, ili ukikutana tena na daktari ujue la kumwuliza na ujue jibu lake limetoka wapi.

Kwanza, huyo bakteria ni nani. Stafilo wa ngozi, kama nitakavyomwita hapa, anaishi juu ya ngozi ya kila mtu, mgonjwa na mzima, tajiri na maskini, hasa mahali penye unyevu kama kwapani, kwenye kinena na puani. Kwa mtu mwenye kinga kamili hana madhara, na wenzetu wanaochunguza ngozi wanaamini kuwa hata anasaidia kuwazuia bakteria wabaya wasipate nafasi. Ana ndugu yake mkali, Staphylococcus aureus, tunayemwita stafilo wa dhahabu, ambaye hukutwa ndani ya pua za takriban asilimia 30 ya watu bila wao kujua, na ndiye anayesababisha majipu mengi, vidonda vya usaha na sumu ya damu. Hawa wawili wanachanganywa sana mitaani, na hata kwenye wadi nimesikia mtu akisema "ana stafilo" bila kusema ni yupi, ilhali hatua zinazofuata hazifanani.

Kuwatenganisha si kazi ngumu. Chupa ya damu ikishaonyesha dalili ya kuota, tunachukua tone, tunalikokota juu ya sahani yenye chakula kilichochanganywa na damu ya kondoo, kisha sahani inalala katika joto la nyuzi 35. Kesho yake, stafilo wa ngozi anaonekana kama vidoa vidogo vyeupe vya mviringo, vimetulia, na damu iliyovizunguka kwa kawaida haikuguswa. Wa dhahabu huwa na vidoa vikubwa zaidi, vyenye umanjano, na mara nyingi damu ya pembeni imeyeyuka na kuacha duara angavu. Macho peke yake hayatoshi, kwa hiyo tunachanganya kidoa na plazima ya sungura, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ndani ya kichupa: wa dhahabu huigandisha, mara nyingi ndani ya saa 4, na ukiinamisha kichupa haimwagiki, wa ngozi huiacha majimaji hata ikikaa usiku kucha.

Baada ya hapo ndipo tunapima usugu. Tunatandaza bakteria juu ya sahani nyingine, tunaweka katikati kipande cha karatasi cha mviringo kilichotiwa dawa iitwayo sefoksitini, na siku inayofuata tunapima kwa rula upana wa eneo ambalo hakuna kilichoota. Kwa viwango vya Marekani ambavyo maabara nyingi huvifuata, stafilo wa ngozi akiwa na duara la milimita 24 au pungufu anahesabiwa sugu, na kuanzia 25 anahesabiwa kuwa dawa inamweza. Kwa stafilo wa dhahabu mpaka uko kati ya 21 na 22. Nimeona wataalamu wawili wakibishana juu ya milimita moja, kila mmoja akiipeleka sahani kwenye mwanga wa dirisha kwa mkono wake, na sikuwalaumu, kwa sababu milimita hiyo inaamua mgonjwa atapewa dawa gani kwa wiki nzima au zaidi. Methisilini yenyewe haitumiki tena kutibu watu. Jina limebaki kwenye karatasi kama alama ya kundi zima la dawa.

Sasa nije kwenye ubishi wa madaktari wako wawili, maana hapo ndipo penye uzito. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa kutazama kitu tofauti. Sindano ya kuchukulia damu inapita kwenye ngozi, na ngozi ndiyo nyumba ya bakteria huyu. Ikiwa mahali palipodungwa hapakusafishwa vizuri, au palisafishwa lakini dawa haikuachwa ikauka, bakteria mmoja wawili wataingia chupani na baada ya siku mbili tutawakuta wamejaa. Ndiyo maana haitoshi kujua nani ameota. Ni lazima ujue ameota katika chupa ngapi, zilizochukuliwa sehemu ngapi, na baada ya saa ngapi. Zikichukuliwa seti mbili, yaani chupa za midungo miwili, kutoka sehemu mbili tofauti, na seti moja tu ikaota, tena kwa kuchelewa, siku ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa hana homa wala mrija, daktari ana haki ya kusema ni uchafu. Lakini seti zote mbili zikiota bakteria yule yule, mwenye usugu ule ule, ndani ya siku moja, kwa mtu aliyetetemeka mashineni na mwenye plastiki ndani ya mshipa wake mkubwa, mimi nisingekubali neno uchafu hata kidogo.

Kuna hesabu nyingine inayosaidia pale ambapo maabara ina mashine inayorekodi muda. Damu huchukuliwa kwa wakati mmoja kutoka kwenye mrija na kutoka kwenye mshipa wa mkono. Chupa ya mrija ikitangulia kuota kwa saa 2 au zaidi, chanzo cha maradhi kinaelekea kuwa ndani ya mrija wenyewe. Kwenye maabara isiyo na mashine hiyo, tunazitazama chupa kwa macho kila siku, kama zimekuwa na ukungu au damu imebadilika rangi, na hapo hesabu ya saa haina uhakika tena, ila hesabu ya chupa bado inatufaa.

Kwa stafilo wa dhahabu mlango huo wa kusema "ni uchafu" haupo. Hata akiota katika chupa moja tu, anachukuliwa kuwa ni maradhi mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa sababu ni mwepesi wa kuhamia kwenye vali za moyo na kwenye mifupa ya mgongo. Uchambuzi wa dunia nzima uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 stafilo wa dhahabu aliye sugu kwa methisilini peke yake alisababisha vifo zaidi ya 100,000. Kwa hiyo ukiwa na karatasi mkononi, jambo la kwanza ni kusoma jina la pili la bakteria, si la kwanza.

Jambo ninalolishikilia kuliko mengine yote katika uzi huu ni kwamba damu ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza kuingia mwilini. Kwetu pwani mgonjwa hufika hospitali akiwa ameshapita madukani. Amekunywa kapsuli za siku mbili, amedungwa sindano na jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati, ndipo analetwa. Chupa zinakaa kwetu siku 5 hazioti kitu, tunaandika kwamba hakuna kimelea kilichoonekana, na daktari anabaki kukisia, wakati bakteria wamo, wamedhoofishwa tu kiasi cha kutoota chupani. Mtu wa kawaida mwenye kinga nzuri anaweza kuvumilia makisio. Mgonjwa wa figo, mwenye kisukari, anayetibiwa saratani, anayeishi na virusi vya ukimwi na chembe zake za kinga ziko chini, au anayekunywa kila siku prednisoloni, dawa inayopunguza nguvu ya kinga, hana nafasi ya makisio mawili. Yakitokea matetemeko mashineni, muulizeni muuguzi kwa adabu: "Dada, damu ya kuotesha imeshachukuliwa?" Swali hilo halimchelewishi mtu, maana kuchukua damu ni dakika chache na dawa inafuata papo hapo.

Na mkiwa mnapeleka sampuli wenyewe, kama inavyotokea kisiwani ambako chupa huvushwa kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la kuja Malindi kupitia Witu na Garsen, msiziweke kwenye barafu. Niliwahi kupokea chupa za damu zimezikwa katika boksi la barafu pamoja na sampuli nyingine, aliyezituma akiwa amejitahidi kweli kweli kuzitunza, kwa kuwa sampuli nyingi huhitaji ubaridi. Damu ya kuotesha inataka joto la kawaida la chumbani na ifikishwe haraka. Ikipozwa, bakteria wengine huchelewa au hufa njiani, na jibu linakuja safi ilhali mgonjwa anaungua kwa homa.

Kuhusu kuzidisha kloksasilini, mwenye duka nadhani amesema kwa nia njema, lakini amekosea kabisa. Bakteria hujenga ukuta wake kwa kutumia protini maalumu, na dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa kuzikamata protini hizo, ukuta ukabaki na mapengo, bakteria akapasuka. Aliye sugu kwa methisilini amebeba jeni iitwayo mecA inayomtengenezea protini ya akiba ambayo dawa hizo haziwezi kuikamata inavyopaswa, kwa hiyo huendelea na ujenzi wake dawa ikiwepo au isiwepo. Ukimpa mara mbili, mara tatu, unachoongeza ni kuharisha, kuwaua bakteria wema waliokuwa wakishindana naye, na kumwachia uwanja. Usugu huo ukiandikwa kwenye karatasi, hesabu kwamba kloksasilini, flukloksasilini, amoksilini hata ile iliyochanganywa na klavulaneti, sefaleksini na seftriaksoni zote zimeondoka mezani kwa safari moja. Wala usugu huu si jambo la juzi. Methisilini ilitengenezwa mwaka 1959 ili kuwashinda stafilo waliokuwa wameshaizoea penisilini, na kufikia mwaka 1961 Uingereza walishaandika habari za stafilo wa dhahabu asiyeijali.

Inayobaki kwa kawaida ni vankomisini. Ni dawa ya zamani, inaingizwa kwa mshipa, na haitakiwi kukimbizwa: dripu ya kila dozi inapita kwa saa moja au zaidi, kwa sababu ikiingia kwa kasi mgonjwa hupata wekundu na muwasho mkali usoni, shingoni na kifuani, na wakati mwingine shinikizo la damu hushuka. Khalati yangu alianza kujikuna shingo, tukadhani ni ile plasta. Muuguzi alipofika aliipunguza kasi ya dripu tu, na muwasho ukaisha kabla hata dawa haijamalizika. Kwa wanaosafishwa damu, dozi hupangwa kufuatana na siku za mashine, na panapowezekana hupimwa kiwango chake kwenye damu. Mtu akikuambia kuna vankomisini ya kumeza itakayofanya kazi hiyo hiyo, mkatalie: ile ya kumeza inabaki tumboni, haiingii kwenye damu, na ina matumizi yake mengine. Linezolidi ipo, nayo humezwa na kuingia kwenye damu vizuri, lakini ikitumika zaidi ya wiki mbili hivi huweza kushusha chembe za kugandisha damu, kwa hiyo hainunuliwi kama panadoli.

Hata hivyo dawa nzuri inaweza kushindwa kwa sababu ya mrija wenyewe. Stafilo wa ngozi ana ujuzi mmoja mkubwa, nao ni kujibandika kwenye plastiki na kujitandia utando wa ute, wakaishi humo tabaka juu ya tabaka. Wewe ni mtu wa Lamu, umeona utelezi unaoota chini ya jahazi lililokaa majini: bahari yote inapita juu yake na haung'oki mpaka chombo kipandishwe pwani kikwanguliwe. Ndivyo ilivyo. Vankomisini inawaua wanaoelea kwenye damu, homa inashuka, familia inafurahi, na dozi zikiisha, wale wa ndani ya utando wanatoka tena. Mgonjwa ambaye homa yake inarudi kila akipandishwa mashineni, baada ya kila mzunguko wa dawa kuisha, hali hiyo inakuonyesha kidole kwenye mrija.

Ndiyo maana daktari wa pili amezungumzia kuutoa. Kwa stafilo wa dhahabu hapana mjadala mrefu, mrija hutolewa, mgonjwa hupewa dawa kwa siku 14 au zaidi, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na moyo hupimwa. Kwa stafilo wa ngozi daktari ana nafasi ya kupima mambo: mrija ukitolewa, dawa inaweza kutosha kwa siku 5 hadi 7, ukilazimika kubaki kwa kuwa mgonjwa hana mshipa mwingine unaofaa, hutumika dawa ya mshipani kwa siku 10 hadi 14 pamoja na antibiotiki inayoachwa imejaa ndani ya mrija baina ya siku za mashine, au mrija hubadilishwa kwa mwingine. Yote hayo yana masharti, na hali ya mama ndiyo inayoamua. Ningekuwa wewe, ningemwuliza pia habari ya kuunganishiwa mishipa ya mkono, ile ambayo mshipa unaopeleka na mshipa unaorudisha damu huunganishwa kwa upasuaji mdogo, kwa sababu wanaosafishwa kwa njia hiyo hupata maambukizi ya damu machache sana kuliko wenye mrija. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kabla haujakomaa, na kwa mwenye kisukari wakati mwingine mishipa inakataa. Basi mapema ni bora.

Kuna jambo linalowasumbua wenye taaluma, nalo nalitaja kwa kuwa duka lile lile linaweza kuwapa rifampisini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walichapisha katika jarida la Nature Microbiology uchunguzi wa stafilo wa ngozi kutoka taasisi 96 katika nchi 24, wakaonyesha kwamba koo 3 za bakteria huyu zimezoea maisha ya hospitalini na zimesambaa duniani, zikiwa sugu kwa karibu dawa zote. Kilichonishtua mimi ni kwamba badiliko lile lile la jeni linalomkinga na rifampisini linampunguzia pia makali ya vankomisini. Yaani unaweza kumfundisha kustahimili dawa ya mwisho bila hata kuigusa dawa hiyo. Rifampisini haitumiki peke yake dhidi ya stafilo, kamwe, kwa sababu badiliko moja dogo linamtosha kuishinda. Na kwetu Kenya ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, haifai kuchezewa kwa sababu yoyote. Nadhani maabara zetu zingetazama safu ya rifampisini kwenye karatasi kwa macho makali zaidi kuliko tunavyofanya.

Umesema pia kwamba ulitulizwa moyo kwa kuwa mahali mrija unapoingilia hapana usaha. Usitulie kwa hilo. Usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu zilizokufa vitani. Mwenye chembe chache, kama anayetibiwa saratani, au mwenye chembe zilizolemazwa na prednisoloni, anaweza kuwa na bakteria tele na ngozi ikaonekana safi, labda wekundu kidogo tu au maumivu akiguswa. Kwa mgonjwa wa saratani ambaye chembe zake za kupigana na bakteria zimeshuka chini ya 500 kwa maikrolita, homa ya nyuzi 38.3 mara moja, au 38 kwa saa nzima, ni dharura ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, hata kama anazungumza vizuri na ameomba chai. Prednisoloni hiyo na krimu kali za kujichubua, ambazo wengi huzinunua bila kuulizwa swali, zinawaongeza watu katika kundi hili bila wao kujua. Ngozi iliyochubuliwa kwa krimu hizo huwa nyembamba, huchanika upesi na huchelewa kupona.

Nyumbani, kilichotusumbua zaidi sisi ni jasho na mtandio. Msimu wa kaskazi, plasta ya mrija haishiki. Ukingo wa chini unaanza kuinuka adhuhuri, na vumbi na jasho vinaingia humo. Khalati alikuwa akijitanda na kuubana mtandio kwa pini bega la kulia, upande ule ule wa mrija, na kila akigeuza shingo kuitikia salamu, kitambaa kiliivuta plasta. Tulimhamishia pini upande wa kushoto, tukampatia mtandio mwepesi wa pamba, na plasta ikaanza kudumu kutoka siku ya mashine hadi nyingine. Ikiinuka au ikilowa, mgonjwa anapelekwa ibadilishwe kitengoni, wala haibandikwi juu yake nyingine. Vifuniko vya mrija havifunguliwi nyumbani na mtu yeyote, hata awe muuguzi wa familia, wala hautumiwi kutundikia dripu. Msipake liwa, manjano, asali, wala ule unga wa kapsuli ambao watu hufungua na kuumimina kwenye vidonda; unga huo haufiki ndani kwa kiasi cha kuua, unafika kwa kiasi cha kuzoesha.

Udhu wenyewe haufiki kwenye mrija wa shingoni, kwani shingo si katika viungo vya lazima. Shida ni josho. Mwelezeni shekhe wenu kwamba daktari amekataza maji mahali pale, naye atawaeleza rukhsa ya mwenye bandeji, ipo na inajulikana. Wanaokuja kumzuru, ambao kwetu hawazuiliki, waombeni wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumpa mkono, na anayetaka kumsomea dua amwekee mkono kichwani au begani upande wa pili. Hakuna aliyewahi kununa kwetu kwa kuombwa hivyo, ila shangazi mmoja, na hata yeye alinawa.

Sasa swali lako la mwisho. Msipimwe, na msinywe dawa. Nikichukua kijiti cha pamba nikapita kwenye ngozi za watu wote wa nyumba yenu, nitamwotesha stafilo wa ngozi kwa kila mmoja, pamoja na mtoto mchanga, na kati ya bakteria hao watakuwepo walio sugu; jibu hilo halitamsaidia mama chochote. Kumwondoa bakteria huyu kwenye ngozi ya mtu mzima haiwezekani wala haitakiwi, na antibiotiki mtakazokunywa zitawabakisha wale sugu peke yao juu ya mikono inayomhudumia. Ingekuwa ni stafilo wa dhahabu, na kuna watu nyumbani wanaotokwa na majipu kila mara, daktari angeweza kuamua mtu apake mupirosini puani mara mbili kwa siku kwa siku 5 na kuoga kwa klorheksidini, lakini huo ni uamuzi wa daktari kwa mtu maalumu. Mwenye jipu asimbadilishie mama nguo wala shuka mpaka lipone, asilikamue, aende likapasuliwe na kuoshwa, maana kwa jipu kupasuliwa ndiyo tiba kuliko kidonge. Taulo za mama ziwe zake peke yake, zifuliwe kwa maji moto na zikauke juani. Na sukari yake isiachwe ikapanda, kwa sababu sukari ikiwa juu chembe za kinga hufanya kazi kivivu.

Ukipata nafasi, piga picha ya karatasi nzima, ufiche jina na namba ya mama, uiweke hapa. Nataka kuona mambo matatu: idadi ya chupa zilizoota, saa iliyoandikwa kwamba zilianza kuota, na safu ya rifampisini. Kama damu ilichukuliwa mara moja tu na chupa moja tu, mwambieni daktari kwamba mngependa ichukuliwe tena sehemu mbili kabla ya dozi ya kesho kutwa.